Kabla ya Fort Jesus, wapeleke watoto Kianyaga

Ngome na mashamba ya enzi ya mkoloni haviko pwani peke yake. Chini ya Mlima Kenya viko pia, na baadhi ya waliochimba mitaro yake bado wangali hai.

Likizo inapokaribia, familia nyingi za mjini huwaza jambo moja tu: Mombasa. Watoto hupelekwa Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno mwaka 1593, kisha huvushwa Likoni kuteremka pwani ya kusini hadi mapango ya Shimoni, ambako inasimuliwa kwamba watumwa walifungiwa wakisubiri majahazi. Ni safari njema, nasi hatuikatazi.

Lakini hebu, msomaji, mwulize mtoto huyo aliyerudi na kofia ya makuti: ni ngome gani iliyokuwa kijijini kwa nyanya yako? Atakukodolea macho. Na huenda nawe mzazi usiwe na jibu. Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Basi likizo hii, kabla ya kukata tikiti ya kwenda pwani, jaribu safari ya siku mbili kuelekea mlimani.

ANZIA MURANG'A

Safari yetu inaanzia Murang'a, mji ambao hadi baada ya uhuru uliitwa Fort Hall. Jina hilo lilitokana na Francis Hall, ofisa Mwingereza aliyejenga kituo hapo mwaka 1900 na kufariki papo hapo mwaka uliofuata. Usitarajie kuta nene na mizinga kama ya Mombasa. Ngome za bara zilikuwa za haraka: udongo, mawe, miti na handaki.

Hata hivyo, kazi zilizofanya haikuwa ndogo. Baada ya Fort Hall kikaja kituo cha Nyeri mwaka 1902, na mwaka 1904 majeshi ya Waingereza yakaivamia Iriaini, ambayo leo ni sehemu za Mathira. Mwaka 1906 ikawa zamu ya Embu. Kila ngome ilifuatwa na kodi ya nyumba, na kodi ilipohitaji kulipwa kwa fedha, wanaume wakalazimika kwenda kuitafuta katika mashamba ya walowezi. Waeleze watoto mkiwa barabarani, mnapopita Makuyu na kuona mashamba makubwa ya Kakuzi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1927 kwa kilimo cha mkonge. Ngome na shamba vilikuwa pacha.

Mjini Murang'a usiondoke kabla ya kuingia katika kanisa kuu la Kianglikana. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, na ndani yake mna michoro mitano ya ukutani ya msanii Elimo Njau, aliyeichora mwaka 1959. Yesu wa michoro hiyo ni Mwafrika, na mandhari ni migomba na milima ya huku kwetu.

MWEA: SHAMBA LILILOCHIMBWA NA WAFUNGWA

Kutoka hapo elekea Makutano, kisha Mwea. Macho yatafurahi. Mashamba ya mpunga yametandazwa kama mkeka wa kijani, maji yakimetameta katikati, na ndege weupe wakimfuata mkulima hatua kwa hatua. Pishori inayonukia mezani kwako siku ya Krismasi hutoka hapa.

Lakini mifereji hiyo ilichimbwa na nani? Ilianza kuchimbwa mwaka 1954 na wafungwa wa Mau Mau, waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kwa majembe na sururu waliyageuza maji ya mito Thiba na Nyamindi kuingia kwenye tambarare iliyokuwa kavu. Majina kama Thiba, Kandongu na Gathigiriri, ambayo leo kwa msafiri ni vituo vya matatu tu, yalikuwa majina ya kambi. Huko, hasa kuanzia mwaka 1957, wafungwa walipigwa ili wakiri viapo vyao.

Wavulana nao hawakusahauliwa. Kambi ya Wamumu ilifunguliwa mwaka 1955 kwa ajili ya vijana waliokamatwa. Miongoni mwa waliofanya kazi huko alikuwa Geoffrey Griffin, ambaye mwaka 1959 alishiriki kuanzisha shule ya Starehe jijini Nairobi. Mwanafunzi wa Starehe anayesoma haya ajue kwamba mizizi ya shule yake imefika hadi Mwea.

Hata baada ya uhuru, mkulima wa Mwea aliendelea kuwa mpangaji. Alipewa ekari nne, akaambiwa apande nini na amuuzie nani. Ilichukua hadi mwisho wa miaka ya 1990 kwa wakulima kugoma na kudai kuuza mpunga wao wenyewe.

KIANYAGA: NGOME NDANI YA KIJIJI

Kutoka Mwea panda hadi Kutus, kisha Kianyaga. Hewa inabadilika. Mpunga unabaki nyuma, unaingia kwenye kahawa, na juu zaidi kwenye majani chai yanayokaribia msitu. Asubuhi isiyo na mawingu mlima unaonekana kana kwamba unaweza kuugusa.

Kati ya mwaka 1954 na 1955, zaidi ya watu milioni moja katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye mashamba yao na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu za Gichugu, wakati huo zikiwa wilaya ya Embu, hazikunusurika. Katika vijiji hivyo palijengwa ngome ya homugadi: mnara wa mlinzi, seng'enge na handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Aliyelichimba mara nyingi alikuwa mwanamke, na mtoto mgongoni. Akina mama hao hao walipelekwa kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula.

Ngome hizo hazina kibao wala tikiti ya kuingilia. Nyingi ziligeuka kuwa kambi za chifu, shule na masoko. Ndiyo sababu huwezi kuziona bila mwenyeji.

Na kahawa pia ina kisa chake. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kuipanda, ikawa zao la mlowezi. Katika miaka ya 1930 ndipo wakulima wa Embu, Meru na Kisii waliporuhusiwa kuijaribu, na kuanzia mwaka 1954 serikali ikalegeza zaidi. Ukifika kati ya Oktoba na Desemba, omba ruhusa katika kiwanda cha ushirika uone kahawa ikimenywa na kuanikwa. Mtoto ataelewa kwa nini babu aliithamini miti hiyo kuliko ng'ombe.

USIKU NYERI

Ukipata siku ya pili, malizia Nyeri. Kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti aliyefariki mwaka 1941, liko huko. Katika mji huo huo Dedan Kimathi alihukumiwa mwezi Novemba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. La mmoja lina jiwe na wageni. La mwingine halijulikani liliko hadi leo. Waachie watoto swali hilo walale nalo.

ULIZA KWA ADABU

Mzazi, jambo moja la kuzingatia. Huku mlimani vita vile viligawanya nyumba. Ndugu mmoja aliingia msituni, mwenziwe akashika bunduki ya homugadi, na wajukuu wao leo wanachota maji mto mmoja. Usimwulize mzee mbele ya watu alikuwa upande gani. Mwulize walikula nini kijijini, nani alimfundisha kusoma, shamba lao lilirudi vipi. Mengine atayasema mwenyewe akitaka. Ukipita karibu na jela ya Gathigiriri, weka kamera mfukoni.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 waliodai kuteswa wakati huo. Ushahidi ulioifikisha kesi hiyo mbele haukutoka kwenye makaratasi peke yake. Ulitoka vinywani mwa wazee. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1954 sasa amepita tisini. Fort Jesus imesimama zaidi ya miaka 400 na itakungoja hadi likizo ijayo. Nyanya wa Kianyaga hana kuta za mawe. Mpelekee sukari na majani, keti naye jikoni, na mwambie mtoto aje na daftari.