Kabla ya kulipia kamera kuukuu, mulika lenzi yake

Na Mwandishi Wetu, Mbale

KAMERA niliyowekewa mezani Namakwekwe ilikuwa Zenit-E ya Kisovieti, ngozi safi, chuma hakina kutu. Muuzaji aliniambia ilikuwa ya marehemu baba yake, mpiga picha wa imbalu, tohara ya Wamasaba ya miaka ya shufwa. Bei ilinipendeza, nikalipa.

Usiku nilimulika lenzi kwa tochi ya simu. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu! Fedha ilikuwa imeshakwenda.

Vijana wa mijini wameanza tena kutafuta kamera za filamu, na mfanyabiashara anayevuka mpaka anaweza kupata riziki hapo. Lakini mnunuzi anayejua hatazami ngozi, anatazama kioo.

Fungua tundu la mwanga hadi mwisho, mulika upande mmoja, tazama upande wa pili. Vumbi kidogo haliharibu picha. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele huvumilika. Wa kioo cha nyuma hudhuru zaidi. Weupe kama moshi hufifisha picha, hasa ukielekea jua. Kuvu iliyokaa muda mrefu hula mipako ya kioo, na hata ikisafishwa alama hubaki. Katika miji ya mvua kama Mbale, kamera iliyofungiwa kabatini miaka mingi ishuku kwanza.

Kisha fungua mgongo bila filamu, ufyatue. Zenit-E ina kasi tano, kutoka 1/30 hadi 1/500 ya sekunde, mbali na ile ya kushikilia kwa kidole. Kwa 1/30 pazia lazima likawie wazi kuliko kwa 1/500. Ukiambiwa Pentax K1000 haifyatui kwa sababu haina betri, usikubali: betri yake ni ya kipima mwanga tu.

Halafu kuna mpaka. Wengi wetu tumezoea cheti rahisi cha asili pale Malaba na Busia, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kamera iliyotengenezwa Japani au Urusi haigeuki kuwa ya Uganda kwa kuwa umeinunua Mbale. Waulize watu wa forodha ushuru wake kabla hujanunua, uujumlishe kwenye bei, na utunze risiti.

Zenit yangu bado inafyatua vizuri. Lenzi yake hufunguliwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, kwa hiyo natafuta nyingine ya skrubu hiyo hiyo. Safari hii tochi itatangulia, pochi itafuata.