Maniema: Biblia neno kwa neno, kutoka uasi wa Lubutu hadi chuo kikuu

Kindu – Wazazi wengi wa Maniema wanamtuma mtoto chuo kikuu na hofu moja moyoni: atarudi na diploma, lakini bila imani. Kwao shule ndiyo inayoleta mashaka, na mkristo wa kweli ni yule anayepokea Biblia jinsi ilivyoandikwa, bila kuuliza. Historia ya jimbo letu inasema mambo mengine. Ili kuyaona, inafaa kupanda kaskazini mpaka wilaya ya Lubutu, yenye sekta mbili za Bitule na Obokote, kwenye barabara inayotoka Kisangani kuelekea Walikale na Bukavu.

Mwanzoni mwa mwaka 1944, nchi hiyo ya Wakumu iliwaka moto. Mtu mmoja jina lake Bushiri, mfuasi wa Kitawala, alijitangaza kuwa mwakilishi wa Yesu na kuwaambia watu kwamba utawala wa wazungu umefika mwisho. Uasi ulienea kati ya Masisi na Lubutu. Force Publique, jeshi la wakoloni, iliuzima kwa risasi, na watu wengi waliuawa.

Kitawala haikuzaliwa Maniema. Jina linatoka kwa Watch Tower, shirika la Marekani lililoanzishwa na Charles Taze Russell. Mafundisho yake yalipita Rhodesia ya Kaskazini, yakaingia Katanga katika miaka ya 1920, na shirika lenyewe liliwakana wafuasi hao wa Congo. Mdomoni mwa watu Tower ikawa tawala. Kila anayejua Kiswahili anasikia mara moja kilichomo ndani ya jina hilo: nani atatawala?

Walifundisha kwamba mwisho wa dunia uko karibu, kwamba serikali za dunia ni za Shetani, na kwamba mbele ya Mungu mweusi na mweupe ni sawa. Haya waliyachota katika Biblia, wakiyachukua neno kwa neno. Na hapo ndipo penye jambo la kushangaza: kusoma neno kwa neno ndiko kulikokuwa mashaka yao. Hawakumshuku Mungu. Waliwashuku mmisionari na administrateri, kwamba wanaficha sehemu ya kitabu. Mwaka 1942, kwa sababu ya vita, wakoloni walikuwa wameongeza siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mtu anayegema mpira porini kwa lazima, kisha anasoma kwamba wafungwa watafunguliwa, hahitaji profesa wa kumweleza maana.

Miezi michache kabla ya uasi, Septemba 1943, Papa Pius wa 12 alitoa barua ya Divino afflante Spiritu. Iliwahimiza wataalamu wakatoliki kuchunguza kila kitabu cha Biblia kiliandikwa kwa mtindo gani: wimbo, historia au mfano. Sidhani kama kuna mtu Obokote aliyeisikia.

Masomo ya namna hiyo yalikuja kupata nafasi Congo katika chuo kikuu cha Lovanium, Leopoldville. Hapo, Januari 1960, Tharcisse Tshibangu, padri kijana aliyekuwa bado mwanafunzi, alijadiliana hadharani na mkuu wa kitivo chake, padri Alfred Vanneste, juu ya teolojia yenye rangi ya Afrika. Vanneste alishikilia kwamba teolojia ni moja kwa watu wote. Tshibangu hakupoteza imani kwa kubishana na mwalimu: alikuwa rekta wa Lovanium, kisha askofu wa Mbujimayi. Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alipita njia nyingine. Alilelewa na Wabenedikto, akaingia monasteri huko Rwanda, akaiacha, akawa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Afrika. Alifariki Marekani Aprili 2025. Wote wawili walisoma Lovanium. Anayedai kwamba vitabu vinaua imani amhesabu pia Tshibangu.

Lakini neno kwa neno bado lina gharama. Katika miaka ya 2010, kaskazini mwa Katanga ya zamani, kampeni za chanjo ya polio zilikutana na familia za Kitawala zilizokataa kwa sababu za dini. Aliyekataa kazi ya lazima mwaka 1944, namwelewa. Anayekataa matone mawili ya chanjo leo, mtoto wake ndiye anayelipa, kwa mguu wake. Hata hivyo, tusisahau kwamba serikali ya wakoloni iliwafungia watu wa Kitawala katika kambi kama Kasaji na Ekafera. Kutomwamini anayekuja kwa jina la serikali hawakujifunza katika Biblia peke yake.

Upande wa kanisa katoliki, Tume ya Biblia ya Vatikani ilionya wazi mwaka 1993 juu ya hatari ya kusoma maandiko neno kwa neno. Mapadri wanajifunza hayo seminarini, lakini katika mahubiri ya Jumapili ni nadra kuyasikia, labda kwa kuogopa kuwasumbua waumini. Katika makanisa mengi ya uamsho, swali lenyewe linahesabiwa kuwa la shetani. Mwanafunzi wa biolojia hapa Kindu anabaki na siku sita za Mwanzo upande mmoja, miaka bilioni 4.5 ya dunia upande wa pili, na mtu wa kumuuliza hana. Akimuuliza pasta, ataombewa. Akimuuliza profesa, ataambiwa kwamba hilo si somo lake.