Kurunzi ya Kutegemewa katika Usiku wa Rungwe

Saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hauigusi ardhi ya nchi hii hata mahali pamoja. Mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, upo karibu na longitudo ya nyuzi 33.6. Kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, jua la Tukuyu huchelewa dakika zipatazo 45 likilinganishwa na saa ya ukutani. Mwezi wa Julai huchomoza yapata saa moja asubuhi, na saa kumi na mbili kamili bado ni giza. Wakati huo mfugaji wa Kyimo au Isongole amekwisha kukamua ng'ombe wake, naye anateremka na ndoo ya maziwa kwenda kituoni. Mwanafunzi wa kutwa naye yumo njiani.

Njia wanazopita ni nyembamba, zenye udongo wa volkano unaoteleza kama sabuni kila unapolowa, na sehemu za juu za Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Migomba hukutana juu ya njia hizo hata mbalamwezi isifike chini. Tena zipo safari zisizongoja mapambazuko, kama ya mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Makandana au Igogwe usiku wa manane. Kurunzi inayozimika ghafula katikati ya daraja la magogo huweza kumtia mtu hatarini kuliko kama angetembea bila kurunzi tangu mwanzo, kwa sababu macho yaliyozoea mwanga huhitaji karibu nusu saa kurudia uwezo wao kamili wa kuona gizani.

Hata hivyo kurunzi, au tochi kama wauzaji wanavyoiita, hununuliwa mchana. Gulioni muuzaji huielekeza kwenye kiganja cha mteja, na mteja aghalabu huchagua ile inayomwumiza macho zaidi. Kipimo hicho hakisemi lolote juu ya hali ya kurunzi hiyo baada ya saa mbili za kuwaka, baada ya kunyeshewa, au baada ya miezi mitatu. Watafiti waliochunguza kurunzi za bei nafuu nchini Kenya mnamo mwaka 2009 walikuta kwamba watumiaji wengi sana walipata hitilafu katika muda wa nusu mwaka tu. Basi suala la mnunuzi ni kujua ni kiungo gani kinachokufa kwanza, na kwa nini.

Kurunzi ni kifaa cha umri wa zaidi ya miaka 120. Mfaransa Georges Leclanché alibuni mwaka 1866 seli ya zinki na oksidi ya manganizi, ambayo ilikuwa na maji ndani yake na haikuweza kubebwa mfukoni. Miaka ipatayo ishirini baadaye Mjerumani Carl Gassner aliigeuza kuwa seli kavu, na mwaka 1899 hataza ya kurunzi ya mkononi ikatolewa Marekani kwa David Misell. Kwa Watanzania wengi kurunzi ilikuwa bomba la bati lenye betri mbili kubwa, mara nyingi za National, zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960.

Tuseme kurunzi ya namna hiyo ina betri mbili za volti 1.5 na balbu inayotumia mkondo wa ampea 0.3. Kutu kidogo kwenye springi ya mkiani, jambo la kawaida sana katika unyevu wa Tukuyu, yaweza kuongeza ukinzani wa omu 1. Kwa kanuni ya Ohm, volti zipatazo 0.3 zitapotea hapo kutuni, yaani sehemu moja ya kumi ya volti zote. Mwanafunzi angetazamia kwamba mwanga nao utapungua kwa sehemu moja ya kumi. La hasha! Mwanga wa balbu ya waya hushuka upesi zaidi kuliko volti, na hapa hupungua kwa karibu theluthi nzima. Mwenye kurunzi huilaumu betri, akatupa betri ambayo ingaliweza kufanya kazi kwa saa nyingi. Kipande cha msasa laini kikipitishwa kwenye springi na kwenye vitako vya betri humrudishia mwanga huo bila gharama. Kwa hiyo mnunuzi afungue mkia wa kurunzi kabla ya kutoa fedha. Springi nene inayosukuma kwa nguvu, na swichi isiyosababisha mwanga kupepesuka bomba linapogongwa kiganjani, zina thamani kubwa kuliko ukali wa taa.

Betri yenyewe ina siri ambayo wengi huiona bila kuielewa. Katika betri ya kawaida ya zinki na kaboni, kikopo cha nje ndicho kimoja cha viungo vinavyoliwa ili umeme upatikane. Kadiri betri inavyotumika ndivyo kikopo kinavyotoboka, na mwishowe utomvu wenye chumvi huvuja na kuila springi. Desturi ya kuanika betri juani ina msingi wa kisayansi: joto huharakisha mabadiliko ya kikemia na kupunguza ukinzani wa ndani, na mapumziko yenyewe huiwezesha oksidi ya manganizi kujirudi kidogo. Lakini hakuna nishati mpya iliyoingia, na betri iliyoumwa kwa meno au kupondwa kwa jiwe huvuja mapema zaidi. Herufi zilizochapwa kwenye ganda nazo hufaa kusomwa: R20 ni betri kubwa ya zinki na kaboni, R6 ni ile ndogo, na ikitanguliwa na L, yaani LR20 au LR6, ni betri ya alkali, ambayo hustahimili mkondo mkubwa kwa muda mrefu zaidi.

Balbu ya waya sasa imepitwa na diodi itoayo mwanga, maarufu kwa jina la LED. Kazi iliyoiwezesha, yaani diodi ya samawati, iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Kwa umeme uleule diodi hutoa mwanga mara nyingi zaidi ya balbu, na haina waya wa kukatika kurunzi inapoanguka. Adui yake ni joto. Kurunzi yenye diodi nyingi ndogo za milimita 5 zilizounganishwa bila kidhibiti cha mkondo hung'aa sana siku ya kwanza, kisha hufifia haraka. Diodi moja kubwa iliyokaa juu ya kipande cha alumini huchukuana na joto vizuri zaidi.

Kurunzi inayovunja mioyo ya watu wengi kuliko zote ni ile ya plastiki yenye meno ya kuchomeka ukutani. Ndani yake kwa kawaida mna betri ya risasi na asidi ya volti 4, ndugu mdogo wa betri ya gari. Betri ya risasi inapoishiwa umeme, bamba zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikichajiwa mara moja, salfeti hiyo huyeyuka ikarudi ilikotoka. Ikiachwa wiki kadhaa, hugeuka fuwele ngumu zisizorudi tena. Sasa ifikiriwe familia inayotumia kurunzi hiyo hadi mwanga wake uwe mwekundu, kisha ikaiweka rafuni kungoja umeme urudi au kungoja safari ya kwenda kuchaji kwa jirani. Kurunzi hiyo haikuchakaa kwa kazi. Imeuawa rafuni. Zilizo nyingi hazina kifaa cha kukata mkondo betri inapokaribia kuisha, wala cha kukata chaji inapojaa; basi mwenyewe ndiye kifaa hicho. Aizime mara mwanga unapoanza kufifia, aichaji siku hiyohiyo au kesho yake, asizidishe saa zilizoandikwa kwenye boksi, na aichaji walau mara moja kila mwezi hata kama haikutumika. Jambo moja zaidi lisidharauliwe: chaja za aina hii aghalabu hazikutengwa na umeme wa ukutani, hivyo chuma chochote cha kurunzi kisiguswe wakati imechomekwa.

Betri za lithi hazina ugonjwa huo wa salfeti, ni nyepesi, na hukaa na chaji kwa miezi mingi. Balaa lake ni maandishi. Seli ya ukubwa wa 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, ikiwa ni nzuri hubeba miliampea-saa zipatazo 3,500. Madukani zipo zilizoandikwa 9,900! Mizani ya maabara ya shule hutosha kuanza upelelezi: seli ya kweli huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Yenye gramu 30 imekwisha kujifichua. Kwa bahati mbaya seli yenye uzito unaostahili haijathibitika kuwa njema, maana wapo wadanganyifu wanaojaza unga ndani ya ganda.

Uthibitisho hupatikana kwa kupima mwanga wenyewe, na kwa hilo shule haihitaji chombo cha kuagizwa ng'ambo. Robert Bunsen, mwanakemia wa Ujerumani wa karne ya 19, alitumia karatasi nyeupe yenye doa la mafuta. Karatasi husimamishwa kati ya taa mbili katika chumba chenye giza; mwanga ukiwa sawa pande zote, doa karibu litoweke. Kurunzi iwekwe mita 4 kutoka kwenye karatasi na isisogezwe tena. Upande wa pili mshumaa usogezwe mpaka doa lifichike, kisha umbali wake upimwe. Kipimo kirudiwe kila baada ya nusu saa hadi kurunzi ichoke. Kwa sababu mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, mshumaa uliokuwa sentimita 18 mwanzoni ukilazimika kurudishwa hadi sentimita 36, mwanga wa kurunzi umeshuka hadi robo. Mshumaa una rangi ya manjano na diodi ina usamawati, kwa hiyo doa halitapotea kabisa, lakini jicho litazoea. Grafu ya kurunzi nzuri hukaa tambarare kwa saa kadhaa kabla ya kuporomoka. Ya kurunzi mbovu huteremka tangu dakika za mwanzo, hata kama ilianzia juu zaidi.

Baada ya betri lifuate umbo la mwanga. Mwonzi mwembamba unaofika mbali humfaa mlinzi wa shamba la chai. Mtembea kwa miguu huhitaji mwanga mpana, usio mkali sana, unaoonyesha mzizi na shimo hatua tatu mbele. Katika ukungu wa Rungwe mwanga mkali hurudishwa na matone hadi machoni, na mtu akaona ukuta mweupe. Wengi husema mwanga wa njano hupenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo rangi zote hutawanywa takriban sawasawa. Kinachosaidia ni kuishika kurunzi chini, karibu na goti, ili mwanga unaorudi usipite mbele ya macho. Na hiyo ndiyo sababu taa ya kufunga kichwani, iliyo bora sana wakati wa kukamua, huwa mbaya njiani ukungu ukitanda. Taa ya simu ina mwanga mpana wa kutosha, ila ikimaliza chaji humnyima mtu taa na sauti ya kuita msaada kwa pamoja.

Mvua nayo ina mtihani wake. Alama ya IPX4 humaanisha kwamba kifaa huvumilia maji ya kurashiwa, na IPX7 kwamba huvumilia kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Lakini alama ni wino tu. Betri zitolewe, karatasi laini ya chooni iwekwe mahali pake, mkia ufungwe, na kurunzi izamishwe ndani ya ndoo kwa nusu saa. Karatasi ikilowa upande mmoja, pete ya mpira ya upande huo ina kasoro, na mara nyingine ni uchafu tu uliokaa chini yake.

Kwa yule anayebeba kurunzi kila siku katika kikapu au mfuko wa shule, tatizo la mwisho ni swichi kubonyezwa na vitu vingine, betri zikaisha mchana bila mtu kujua. Katika kurunzi ya betri mbili, betri moja igeuzwe kichwa chini wakati wa mchana. Volti za betri hizo mbili zitapingana, na hata swichi ikibonyezwa hakuna mkondo utakaopita mpaka igeuzwe tena jioni.