Je, Wajua? Vita vya Unyanyembe vilifika hadi Manyoni

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Unyanyembe vilianzia Tabora, lakini vilichangia kubadili historia ya nchi ambayo leo ni wilaya ya Manyoni, mkoani Singida.

Baada ya Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, kufariki, Mnywa Sele alirithi kiti na kuwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu. Wao wakamuunga mkono mpinzani wake, Mkasiwa, na mnamo 1860 wakamng'oa. Mnywa Sele hakusalimu amri. Aliingia msituni na kuvamia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mgunda Mkali, pori kavu katika Manyoni ya leo ambalo wapagazi waliliogopa kwa kiu na njaa. Januari 1861 alimfuata msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, huko Jiwe la Mkoa, ndani ya pori hilo, akamwomba ampatanishe na Waarabu. Upatanishi haukufanikiwa, na mwaka 1865 Mnywa Sele alikamatwa na kuuawa.

Ukoo wa kitemi ulibaki umegawanyika. Mwanaukoo mmoja, Nyungu ya Mawe, aliondoka Unyanyembe, akaenda Ukimbu, nchi ya Wakimbu inayogusa Manyoni ya leo, na rugaruga wake, yaani wapiganaji wake. Wakimbu walikuwa na watemi wengi wadogo. Yeye aliwashinda mmoja baada ya mwingine, akaweka mawakili wake na kukusanya pembe za ndovu. Hilo ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi: hakuteka nyara tu, alijenga utawala. Alipofariki mwaka 1884, utawala huo haukusambaratika. Ulirithiwa na mwanamke, binti yake Mgalula.