Je, Wajua? Maharage ya Mbeya Yana Hesabu Yake

Je, wajua kwamba maji ya Mbeya hayafiki nyuzi 100? Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 hivi. Kwa hiyo sufuria ya Mbeya hutokota kwenye nyuzi 94. Chochea kuni utakavyo: mvuke utaongezeka, maji yatapungua, joto litabaki palepale.

Sasa chukua kanuni ya darasani: mimenyuko mingi hupunguza kasi kwa nusu joto linaposhuka nyuzi 10. Kwa pengo la nyuzi 6, kasi hupungua kama mara moja na nusu. Maharage yanayoiva kwa dakika 60 Dar es Salaam yatadai 90 hivi Mbeya. Ni makadirio, maana maharage ya msimu huu na yaliyolala ghalani hayaivi sawa. Presha kuka hubana mvuke hadi nyuzi 120 hivi, na kwa hesabu ileile dakika 90 huwa 15. Wengine hutia magadi. Magadi hulainisha pektini inayoshikanisha chembe za maharage, ila huharibu vitamini B1, hivyo tia kidogo.

Kemia haiishii kwenye maharage: Iringa nako kuna ulanzi, pombe ya mwanzi. Chipukizi la mlanzi hukatwa ncha, utomvu ukadondokea kwenye mbeta, yaani kopo la mwanzi. Ukinywewa mapema ni mtogwa, mtamu. Ukikaa, chachu hugeuza sukari kuwa kilevi. Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 92 za kilevi na 88 za kabonidayoksaidi. Karibu nusu ya uzito wa sukari hugeuka gesi! Ndiyo maana dumu la ulanzi likikazwa kizibo huvimba. Usiku wa baridi chachu hufanya kazi polepole, utamu ukadumu zaidi.

Iringa hiyohiyo, katika sekondari ya Mkwawa, ndiko mwanafunzi Erasto Mpemba alikouliza swali ninalolienzi kuliko mambo yote niliyotaja. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, alikuwa ametia maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe, na aiskrimu yake ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa. Mhadhiri wa fizikia Denis Osborne alipotembelea Mkwawa kutoka Dar es Salaam, Mpemba alimuuliza kwa nini maji yaliyoanza na nyuzi 100 hutangulia kuganda kuliko yaliyoanza na 35. Wenzake walicheka. Osborne hakulipuuza swali; alirudi chuoni na kuagiza lijaribiwe. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu sababu, na wapo wanaotilia shaka jambo lenyewe. Makala ya wawili hao ilichapishwa mwaka 1969, na jina la Mpemba ndilo lililotangulia.