Mtu wa Udongo na Chuma
Kumbukumbu ya Robert LeTourneau, dereva wa trekta na baba wa nyumba



Barabara ya kwetu ilipokuwa ikitengenezwa, alitujia jioni kijana mmoja wa usharika wetu, dereva wa tingatinga. Alikuwa ameoga, lakini mafuta ya mashini yalikuwa hayajatoka katika kucha zake. Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, nataka kuacha kazi, nimtumikie Mungu." Tukamwuliza, "Na mke wako na watoto wako wawili, watakula nini?" Akajibu, "Hilo ndilo linalonizuia. Lakini mtu aendeshaye chuma mchana kutwa, Mungu ana haja gani naye?"

Usiku ule hatukumjibu vema. Tulimwambia aombe, naye akaenda zake. Lakini swali lake lilitunyima usingizi. Ndipo tukakumbuka habari za mtu mmoja wa Marekani aliyeuliza swali hilo hilo zamani, naye akiwa na mafuta hayo hayo katika kucha zake. Mtu huyo alifariki mwaka 1969. Twaona yafaa kuyasimulia maisha yake hapa, wala si kwa ajili ya yule kijana peke yake, bali kwa ajili ya wazazi na walimu wote wenye wana wa namna hiyo.

UJANA WAKE

Jina lake Robert Gilmour LeTourneau. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1888 katika mji mdogo wa Richford, jimbo la Vermont. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye bidii. Baadaye jamaa ile ilihamia Duluth katika Minnesota, kisha wakavuka nchi mpaka Portland, jimbo la Oregon, upande wa machweo ya jua.

Robert hakupenda shule. Alikuwa mtoto wa mwili mkubwa na kichwa kigumu, na alipofika umri wa miaka 14 wazazi wake walimruhusu kuacha masomo, akatiwa katika kiwanda cha kusubu chuma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya koleo na mchanga. Walimu wenzangu, tusiharakishe kumwita mjinga mtoto aliyeshindwa kukaa mbele ya ubao. Kijana yule yule aliyekimbia darasa alijifundisha ufundi wa mashini kwa masomo yaliyotumwa kwa posta, akiyasoma usiku baada ya kazi, kwa kuwa sasa alijua yamfaa nini.

Alipokuwa na miaka 16 aliamini, akampa Kristo maisha yake. Kisha akazunguka akitafuta riziki. Katika mji wa San Francisco alijifunza kuunga chuma kwa moto, na mambo ya umeme. Mwaka 1909 alifika Stockton, katika jimbo la California. Alikata kuni, alifanya kibarua cha shamba, alichimba madini, alimsaidia seremala. Mwaka 1911 akaingia kazi katika karakana ya motakaa, na baadaye akawa mwenye nusu yake.

NDOA NA MSIBA

Mwaka 1917 alimwoa Evelyn Peterson. Hapa hatutaficha neno. Binti yule alikuwa bado mdogo, wazazi wake hawakuikubali ndoa hiyo, nao wawili wakatoroka mpaka nchi ya Mexico, wakafungwa ndoa huko. Hatusemi kwamba hilo ni jambo la kufuatwa. Uchungu wake ulikaa katika jamaa ile kwa miaka. Lakini twasimulia maisha ya mtu, na mtu huandikwa pamoja na makosa yake.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hakuchukuliwa jeshini, kwa sababu shingo yake ilikuwa imeumia katika mashindano ya motakaa. Akaenda kufanya kazi katika karakana ya manowari ya Mare Island. Vita ilipokwisha alirudi Stockton, akakuta biashara yake imeharibika, na deni kubwa limemngoja.

Na deni halikuwa zito kuliko yote. Siku hizo homa kuu ya mafua ilikuwa ikiua watu duniani pote, na mwaka 1919 mtoto wao wa kwanza, mtoto mchanga, alifariki. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wamekwisha kuchimba kaburi fupi, nao hawana haja ya kuelezwa. Robert na Evelyn walikaa katika nyumba iliyonyamaza, wakajiuliza maisha yao yalikuwa yakielekea wapi. Wakaona kwamba walikuwa wamefanya kazi kwa bidii nyingi, lakini kwa ajili yao wenyewe, na Mungu walikuwa wamemwachia masalio. Hawakupata jibu la kwa nini mtoto alikufa. Walipata toba.

EKARI 40

Ili alipe deni, Robert alishika kazi yoyote iliyokuja. Siku moja aliitwa kutengeneza trekta la minyororo la kampuni ya Holt, yaani trekta lisilo na magurudumu ya kawaida, ambalo hutambaa juu ya mikanda ya chuma. Alipomaliza, mwenye trekta akamwajiri aliendeshe mwenyewe, asawazishe ekari 40 za shamba.

Kazi hiyo yataka maelezo. Bonde lile la California ni kavu, na mashamba mengi hunyweshwa kwa maji ya mifereji. Ardhi isiposawazishwa, maji hujaa mahali pamoja na kuozesha mimea, na mahali pengine hayafiki, mimea ikakauka. Dereva huvuta nyuma ya trekta sanduku kubwa la chuma lenye makali chini. Hukwangua udongo penye mwinuko, hulijaza sanduku, huenda kuumwaga penye shimo. Siku zile alihitajiwa mtu wa pili nyuma, katika vumbi, wa kuliinua na kulishusha. Robert akafunga mota za umeme, hata mtu mmoja akaweza kufanya yote akiwa katika kiti cha trekta.

Katika vumbi lile alipata kazi aliyoumbiwa. Januari 1920 alinunua trekta la Holt lililokwisha tumika, akaanza kuchukua kazi za watu. Mwaka 1921 akanunua kiwanja, akajenga karakana yake. Wengine waliunga mashini zao kwa misumari mizito ya ribiti. Yeye aliziunga kwa moto, zikawa nyepesi na imara. Katika miaka ya 1930 alizivisha mipira magurudumu ya mashini za udongo, na watu wengi walidhani mipira ingepasuka siku ile ile. Haikupasuka, na leo mashini za namna hiyo zafanya kazi katika kila nchi.

SWALI LAKE

Robert alikuwa na dada, mmisionari katika nchi ya Uchina. Dada huyo alimwuliza kwa upole anamfanyia Bwana nini. Neno lile lilimchoma. Alidhani kwamba mtu akitaka kumtumikia Mungu kweli, hana budi kuvua nguo za kazi na kuwa mhubiri au mmisionari. Naye alijiona hana ulimi wala elimu ya kazi hiyo. Akamwendea mchungaji wake, akamweleza yote. Wakapiga magoti, wakaomba pamoja. Walipoinuka, mchungaji alimwambia kwamba Mungu ahitaji pia watu wa kazi na biashara, si wahubiri peke yao.

Neno lile fupi aliishi nalo maisha yake yote. Nasi twaona haya kidogo tukilisoma, kwa kuwa yule mchungaji alikuwa na jibu ambalo sisi hatukuwa nalo usiku ule.

Msidhani kwamba tangu hapo mambo yote yalikuwa mepesi. Mwaka 1931 alichukua kazi ya barabara ya Boulder katika Nevada, iendayo mahali palipojengwa bwawa kubwa la Hoover. Mwamba ulikuwa mgumu kupita hesabu yake, akapata hasara iliyokaribia kummaliza. Katika kambi za barabara Bibi Evelyn alikuwa pamoja naye, akiwapikia wafanyakazi na kuwalea watoto katika vumbi na jua. Tunaposema "LeTourneau alijenga," tukumbuke chungu cha nani kilikuwa motoni alfajiri.

MALI YAKE

Kazi ikastawi. Viwanda vyake vikafunguliwa Peoria, Toccoa, Vicksburg na Longview, hata Australia. Katika Vita Kuu ya Pili, katika kila mashini 10 za udongo walizotumia majeshi ya Waingereza, Wamarekani na wenzao, kama 7 zilitoka kwake, kwa hesabu isimuliwayo. Alipokufa alikuwa na hati 299 za serikali za kulinda uvumbuzi wake.

Mwaka 1935 yeye na mkewe waliweka mfuko wa kazi ya Injili na hisani, wakautia sehemu 9 katika 10 za mali yao, wakaishi kwa ile moja iliyobaki. Sisi tuliozoea kutoa moja na kushika tisa, na tena kwa kunung'unika, tuyaangalie mambo hayo. Lakini tusijidanganye: sehemu moja ya tajiri si njaa. Jambo la kujifunza si ukubwa wa hesabu, ni kwamba aliuliza swali kinyume cha tulivyozoea. Hakuuliza atoe kiasi gani cha mali yake; aliuliza ashike kiasi gani cha mali ya Mungu.

Katika viwanda vyake aliweka wahubiri na saa za ibada. Yeye mwenyewe, mtu aliyedhani hana ulimi, alisafiri kwa ndege karibu kila mwisho wa juma akishuhudia makanisani. Hapa twapenda kuwaambia neno walimu wenzetu, ambao hutembea vijiji vingi: baba asipokuwapo, mzigo wa nyumba humwangukia mama. Bibi Evelyn aliuchukua, na sifa ya nyumba ile ni yake pia.

SHULE NA NCHI ZA MBALI

Mwaka 1946 wote wawili walifungua shule ya ufundi Longview, katika jimbo la Texas, mahali palipokuwa hospitali ya jeshi. Serikali iliwauzia majengo yale kwa dola moja. Wanafunzi wa kwanza walikuwa askari waliorudi vitani wakitafuta maisha. Siku moja walikaa darasani, siku ya pili walishika nyundo kiwandani, na hivyo wakijilipia masomo. Yule mtoto aliyeikimbia shule akajenga shule ambayo mikono na akili hufundishwa pamoja. Leo ni chuo kikuu chenye jina lake.

Katika miaka ya 1950 alipeleka mashini na watu Liberia, katika Afrika yetu, na Peru, ili kufyeka misitu, kufungua mashamba na barabara, na kuhubiri. Makazi yale hayakudumu kama alivyotumaini. Na leo twajua kwamba msitu ukiondolewa upesi, mvua huichukua rutuba ya nchi na kuipeleka mtoni. Nia njema yahitaji pia maarifa ya mahali, na uvumilivu wa kuwasikiliza wenyeji.

Alifariki tarehe 1 Juni 1969, mwenye umri wa miaka 80, akazikwa katika uwanja wa shule ile. Bibi Evelyn alimfuata mwaka 1987.

NENO LA MWISHO

Katika Kitabu cha Kutoka twasoma habari za Bezaleli, aliyejazwa Roho ili afanye kazi ya dhahabu, shaba na mbao. Paulo alishona hema. Bwana wetu mwenyewe alikua katika nyumba ya seremala, na miaka mingi zaidi ya maisha yake aliishi pale kuliko barabarani akihubiri. Mambo hayo tumeyafundisha mara nyingi. Lakini kijana mwenye mafuta mikononi alipotujia, tulisahau.

Basi tulimwita tena, tukamsimulia yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulidhani atauliza habari za mali au za ndege. Akauliza, "Mwalimu, ekari zile 40, alizisawazisha vema?"

Tukamwambia, "Mwanangu, ndizo zilizomfungulia njia."

Akafikiri, kisha akasema, "Pale penye nyumba ya yule mjane, chini ya kilima, msimamizi ametuambia tumalize upesi. Mtaro haukushuka vizuri. Mvua ikija, maji yataingia kwake. Kesho nitarudi nikaukate upya kabla ya zamu yangu kuanza."

Hatukuongeza neno. Tuliomba pamoja, akaenda kulala.

Mvua za masika zilikuja na nguvu nyingi. Asubuhi moja, baada ya usiku wa radi, tulishuka kumwangalia yule mjane. Tulimkuta anafagia uwanja wake, na uwanja ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa yakipita mtaroni kwa kelele, yakishuka kwenda mtoni.