Chwaka Inahitaji Maji Kiasi Gani?

Mhandisi anayetaka kuipatia Chwaka, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, maji ya mfereji anaweza kukosea siku ya kwanza tu. Akisimama kisimani na kuhesabu madumu atapata idadi, lakini idadi hiyo ni ya maji ambayo akina mama na watoto wameweza kuyabeba, si ya maji wanayoyahitaji. Mfereji ukifika uani matumizi hupanda: nguo hufuliwa nyumbani, choo husafishwa ipasavyo, watoto huogeshwa mara mbili. Mradi uliokadiriwa kwa madumu huwa umezidiwa kabla ya kuzinduliwa.

Kwa hiyo wapangaji huanza na kiwango cha mtu mmoja. Sera ya Maji ya Tanzania Bara ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kutoka kituo kisichozidi mita 400. Kwangu mimi, kupanga chini ya lita 50 ni kuwapangia watu dhiki.

Halafu ije idadi ya watu watakaokuwepo mabomba yatakapozeeka, si waliopo leo. Sensa ya 2022 iliikuta Zanzibar na watu 1,889,773, wakiongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, kijiji cha watu 5,000 kitakuwa na takriban 10,300 baada ya miaka 20. Kwa lita 50 kila mmoja, hizo ni mita za ujazo 515 kwa siku. Na moja ya tano ikipotea kwa kuvuja, visima vitoe karibu 645. Tena maji hayatumiki kwa mwendo mmoja. Alfajiri kuna udhu, kuoga na chai kwa pamoja, na Sikukuu huleta jamaa kutoka mjini. Tangi hujengwa kwa ajili ya saa hizo.

Mgeni wa hoteli ni hesabu nyingine kabisa. Mtafiti Stefan Gössling, katika utafiti wake wa pwani ya mashariki ya Unguja uliochapishwa 2001, alikadiria kuwa mtalii mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Wageni 100 basi ni sawa na wenyeji zaidi ya 1,400. Anayekadiria maji ya pwani hii bila kuhesabu vitanda vya hoteli, bustani na mabwawa ya kuogelea, hajakadiria kitu.

Na ardhi yenyewe ina kikomo chake. Upande huu ni maweni: mvua ya masika huzama upesi katika mipasuko ya mawe ya matumbawe, kisha maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani walionyesha kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 chini yake. Pampu ikishusha kimo hicho kwa nusu mita tu, hatimaye chumvi inaweza kupanda mita 20. Kisima kimoja chenye pampu kubwa ni hatari hapa. Afadhali visima kadhaa vifupi, mbali na ufuo, vikivutwa polepole usiku na mchana, na chumvi ya kila kimoja ipimwe kila mwezi, hasa Januari na Februari, jua linapokuwa kali na masika bado.